Vumbi la Tabaka, Moto wa Nyamira

Mwishoni mwa miaka ya 1950, kwenye maporomoko ya Gogo katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Migori, kulijengwa bwawa dogo la umeme wa kuendesha mgodi wa shaba na dhahabu wa Macalder. Mgodi ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini mitambo ya Gogo, yenye uwezo wa megawati mbili, iliendelea kuzunguka. Kilichopungua ni nafasi ya maji. Msimu baada ya msimu tope liliteremka na mto Gucha, ambao huko chini huitwa Kuja, likatua nyuma ya ukuta na kulijaza bwawa.

Mto huo huanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukakata nchi ya Abagusii, ukaingia Migori na kumwaga maji yake Ziwa Viktoria baada ya safari ya kilomita zipatazo 149. Kila kazi iliyowahi kuleta fedha Kisii na Nyamira, iwe ya kumenya kahawa, kukausha chai, kuchoma matofali au kuchonga mawe, imeacha kitu ndani yake au kando yake.

Kabla ya Waingereza kujenga boma lao Getembe mwaka 1907, mahali palipokuja kuwa mji wa Kisii, Abagusii walikuwa tayari na viwanda vyao. Wahunzi walifua majembe, mikuki na mashoka, na sehemu ya kazi yao ikavuka mpaka kwenda kwa majirani Wajaluo, ikarudi kama nafaka na mifugo. Tanuri la mhunzi hula makaa, na makaa ni miti. Lakini wahunzi walikuwa wachache na misitu ilikuwa mipana, katika nchi ya mwinuko wa mita 1,500 hadi zaidi ya 2,000 ambayo hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Upande wa Mugirango Kusini, pale Tabaka, watu walichimba jiwe laini lenye utelezi wa sabuni, wakachonga mabakuli, viko na mabao ya kuchezea. Unga wake mweupe walijipaka mwilini siku za sherehe. Sisemi haya ili kuwapamba wazee. Kazi yao ilikuwa ndogo kuliko nchi yao, ndiyo sababu nchi iliistahimili.

Mambo yalibadilika kwa kahawa. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wa Kenya kulima zao hilo, kwa kuwa walowezi hawakutaka mshindani wala hawakutaka wafanyakazi wao wapate njia nyingine ya kupata fedha. Marufuku ilipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, majaribio yalipelekwa Kisii, Meru na Embu, mbali na mashamba makubwa ya Wazungu. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari, babake mwanasiasa Simeon Nyachae, alikuwa miongoni mwa waliopanda mapema. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipofungua mlango kwa wakulima wadogo kote nchini, miche ilienea Gusii, na pamoja nayo vyama vya ushirika vyenye viwanda vya kumenya cheri.

Kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kukaa mlimani. Cheri iliyoiva humenywa siku ile ile ilipovunwa. Maganda hutupwa upande mmoja, na mbegu, zikiwa bado zimevikwa ute wa sukari, hulazwa katika matangi ya saruji usiku kucha au zaidi mpaka ute ulainike. Kisha husafishwa kwa maji mengi. Basi viwanda vilijengwa chini bondeni, kando ya vijito, na njia nyepesi ya kuondoa maji machafu ilikuwa mfereji wa kuyarudisha kwenye kijito kile kile. Maji ya kahawa hayana sumu ya kutisha kwa macho. Yana sukari na asidi. Lakini vijidudu vinavyoila sukari hiyo huvuta hewa yote ya oksijeni iliyo majini, na viumbe wa mto hukosa pumzi. Katika majuma ya kilele cha mavuno, aliyeteka maji chini ya kiwanda aliijua kahawa kwa harufu kabla ya kuijua kwa malipo.

Dawa ya uchafu huo inajulikana tangu zamani na haina gharama kubwa. Maji ya kumenyea yaweza kuzungushwa na kutumiwa tena siku nzima badala ya kumwagwa kila mara. Maji ya mwisho huelekezwa kwenye mashimo yaliyochimbwa mbali na ukingo, yakanywewa na ardhi polepole. Maganda hurundikwa yakaoza, yakarudishwa shambani kuwa mbolea ya mikahawa ile ile iliyoyazaa. Palipokuwa na kamati hodari na fedha za kuchimba mashimo, hayo yaliwezekana. Lakini mwezi Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa viwango vya mauzo ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka, na wakulima wengi wa Kenya wakaitelekeza mikahawa au wakaing'oa. Mto uliopona kwa sababu kiwanda kimekosa cheri umepona kwa umaskini wa watu waliokaa kando yake, na huo sitauita ushindi.

Chai ilikuja wakati kahawa ikiwa bado na heshima yake. Ilianza kupandwa kwa wakulima wadogo wa Gusii mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni iliunda mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964 Kenya huru ikaigeuza kuwa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai. Milima ya Nyamira na mashariki ya Kisii, yenye ubaridi na mvua isiyokatika, ilifaa chai kuliko kitu kingine chochote. Viwanda vilisimama kimoja baada ya kingine: Nyankoba, Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi, Tombe, Gianchore, na upande wa Kisii Nyamache, Kiamokama, Itumbe, Ogembo, Eberege. Atokaye huko hutaja majina hayo kama wengine wanavyotaja majina ya shule walizosoma.

Jani bichi la chai ni maji zaidi ya robo tatu. Likifika kiwandani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa ligeuke rangi, kisha hukaushwa mpaka unyevu wake ubaki karibu asilimia tatu. Kilo nne na zaidi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Kazi kubwa ya kiwanda ni kuyafukuza maji hayo, na maji hufukuzwa kwa moto. Kuna wakati viwanda vingi vilichoma mafuta mazito ya petroli; bei ya mafuta ilipopanda, boila ziligeuzwa kula kuni. Kwa hesabu ya fedha uamuzi ulikuwa sahihi, kwani mkulima ndiye mwenye kiwanda na kila shilingi iliyookolewa kwenye mafuta iliingia katika bonasi yake. Kwa hesabu ya miti, mahitaji makubwa ya kuni yalikuwa yamehamia kwenye nchi iliyokwisha kujaa watu.

Hapa kuna jambo dogo la kiufundi ambalo naliona kubwa kuliko hotuba nyingi za mazingira. Gogo lililokatwa jana laweza kuwa nusu maji kwa uzani. Ukilitia katika boila, moto wa kwanza hutumika kuyachemsha maji ya gogo lenyewe kabla ya kupasha chochote kingine, na bomba hutoa moshi mzito. Gogo lile lile likipasuliwa, likapangwa chini ya paa la mabati kwa miezi kadhaa huku upepo ukipita katikati, hutoa joto zaidi kwa moshi kidogo. Basi banda la kuni ni mtambo wa kuokoa msitu, ingawa halina swichi wala kipimo. Viwanda vilijenga mabanda, vikaanza kupima unyevu wa kuni, vikaziba nyufa za mabomba ya mvuke, vikapanda mashamba ya miti pale ardhi ilipopatikana. Mwaka 2007 kampuni ya Unilever ilipotangaza kwamba chai yake itathibitishwa na shirika la mazingira la Rainforest Alliance, shamba lake la Kericho likiwa la kwanza, wimbi lilivifikia pia viwanda vya wakulima wadogo katika miaka iliyofuata. Wakaguzi waliuliza habari za kuni, za maji machafu, za dawa za shambani, na za vichaka vya kinga kando ya vijito. Nidhamu ya banda la kuni ilishika upesi, na sababu haifichiki: anayechoma kuni mbichi hulipa mwenyewe, mwezi ule ule.

Lakini kuni zile zilitoka wapi? Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 kutoa kuni za injini za reli. Ni mti wa Australia, hukua kwa kasi, na ukikatwa huchipuka tena kutoka kwenye kisiki bila kupandwa upya. Katika miaka sita hadi minane hufaa kwa kuni. Ukiachwa zaidi huwa mbao au nguzo ya umeme. Mkulima wa Gusii hakuhitaji kushawishiwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii hiyo ina watu zaidi ya 900 kwa kilomita moja ya mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka kila mmoja amebaki na ukanda unaoteremka kutoka barabarani juu hadi kijitoni chini. Juu hukaa nyumba, katikati chai, migomba na mahindi, na chini kwenye kinamasi, ambako chai haitaki, hupandwa mikaratusi. Ada ya shule ikifika, mti mmoja huanguka.

Kinamasi kile kilikuwa na kazi yake. Kilishika maji ya mvua kama sifongo na kuyaachilia kiangazi, kikachuja tope lililoteremka kutoka shambani. Mikaratusi iliyosongamana hunywa maji mengi kuliko majani na mafunjo iliyoyafukuza, na chini yake hubaki ardhi wazi isiyozuia udongo. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alilipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira John Michuki aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito na kwenye vyanzo vya maji, na mwaka huo huo zikatoka kanuni za kusimamia maeneo oevu na kingo za mito. Kanuni za maji zilikuwa zimekwisha kutaja kinga ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni.

Agizo lilikuwa la haki, na utekelezaji wake ukawa wa kusuasua. Viongozi walifika na misumeno, wakakata, wakapigwa picha. Visiki vilivyobaki vikachipuka. Siwezi kumlaumu mkulima kwa wepesi. Mwenye ukanda wa upana wa hatua ishirini unaofika mtoni, akiambiwa aache mita thelathini, ameambiwa aache sehemu kubwa ya urithi wake bila fidia, ilhali boila ya kiwanda ambacho yeye mwenyewe ni mwanahisa bado inasubiri kuni. Mianzi na miti ya asili ilipendekezwa badala ya mikaratusi, na imeshika katika baadhi ya sehemu, hasa pale mtu alipooneshwa soko kabla ya kuoneshwa msumeno. Hasara ya kinamasi haimfiki aliyepanda mti. Humfika anayeteka maji kwenye chemchemi ya chini, na baada yake humfika mvuvi na mkulima wa Nyatike, huko Migori, ambaye hajawahi kuiona Nyamira.

Kuni hizo hizo huchoma matofali. Udongo mzuri wa mfinyanzi upo kwenye mabonde hayo hayo yenye maji; hukatwa, hufinyangwa, hupangwa kuwa tanuri, na moto huwashwa siku kadhaa mfululizo. Shimo lililoachwa hujaa maji ya mvua. Tofali la udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono halihitaji moto hata kidogo, na majengo yaliyojengwa nalo yapo. Linachohitaji ni mashine na fedha za saruji mkononi siku ya kuanza kazi, na kijana anayefyatua matofali kwa kibarua cha siku hana hata kimoja.

Mjini Kisii hadithi ni fupi zaidi kwa sababu mto wenyewe ni mfupi. Nyakomisaro hupita katikati ya mji, na kando yake kuna gereji, mahali pa kuoshea magari na karakana za jua kali. Mafuta yaliyotolewa kwenye injini humwagika chini, mvua huyasukuma. Chini ya gari linalotengenezwa pangefaa sakafu ya saruji yenye mfereji na shimo la kutenganisha mafuta na maji, kazi ya fundi mwashi ya siku chache. Lakini fundi aliyepangishwa kiwanja kwa mwezi, akijua anaweza kuhamishwa wakati wowote, hawezi kumwaga saruji kwenye ardhi isiyo yake. Mwaka 1999 Kenya ilipata sheria ya mazingira, kisha NEMA, mamlaka ya kuisimamia, na mwaka 2006 kanuni za taka na za ubora wa maji. Zote zinamtaka fundi awajibike kwa mafuta yake. Hakuna hata moja inayompa hati ya mahali anapofanyia kazi.

Nimeiacha Tabaka kwa makusudi mpaka hapa, maana Tabaka inasumbua maelezo yote yaliyotangulia. Katika chai, madhara yaliyompata mtendaji mwenyewe yalipunguzwa mapema; yaliyoteremka kwa jirani yakakawia. Huko Tabaka madhara humwingia mtendaji mwenyewe, kifuani mwake, na bado yamekawia.

Katika karne ya 20 jiwe la Tabaka lilitoka kuwa bakuli la nyumbani likawa bidhaa ya watalii, kisha ya maduka ya Ulaya na Marekani. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa huko, aliipeleka sanaa hiyo mbali zaidi kuliko wote: sanamu yake ya ndege iko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Nyuma ya sanamu moja mashuhuri ziko familia nyingi zinazochonga viboko wadogo, sahani, vinara vya mishumaa na mioyo ya kutoshea kiganjani. Wanaume hushuka machimboni na sururu na mtaimbo. Jiwe hupandishwa juu, hukatwa kwa panga na msumeno, huchongwa kwa patasi na visu. Kisha hukabidhiwa wanawake na vijana ambao hulisugua kwa msasa, hulikausha, hulitia rangi na nta.

Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya magonjwa yanayotokana na kazi za watu, akaeleza jinsi vumbi linavyoharibu vifua vya wachonga mawe. Kwa hiyo tiba yetu imechelewa zaidi ya miaka 300. Punje kubwa za vumbi hunaswa puani na kooni. Zilizo nyembamba mno kuonekana ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo, zikiacha makovu yanayopunguza pumzi mwaka hadi mwaka. Kitambaa kilichofungwa mdomoni huzuia zile kubwa na kuzipisha zile za hatari, kikimpa mtu imani isiyo na msingi.

Na bado kinga iliyo bora imo ndani ya desturi ya kazi yenyewe. Jiwe hili huchongeka vizuri likiwa na unyevu, na usuguaji mzuri hufanywa ndani ya beseni la maji. Vumbi likilowa haliruki. Mwanamke wa Tabaka anayesugua kiboko ndani ya karai la maji anafanya kile ambacho mhandisi wa usalama wa machimbo angemwagiza afanye. Hatari iko kwenye hatua zinazofanywa kikavu: kukata kwa msumeno, kutia nakshi, kupuliza unga, na pale ulipofika umeme, mashine ya kusagia inayomaliza kwa dakika kazi ya saa nzima na kuweka wingu jeupe juu ya kila aliye kibandani, mtoto aliyekuja na mamake akiwemo.

Kwa nini basi kazi yote isifanywe kwa maji? Kwa sababu maji hubebwa. Yule asuguaye jiwe ndiye aendaye chemchemini na mtungi, na maji ya kuzuia vumbi hushindana na maji ya kupikia. Bei ya kiboko mdogo imepangwa na mnunuzi wa mbali, haina nafasi ya mitungi mitatu zaidi. Maji yaliyotumika yakiachwa kwenye pipa usiku kucha, unga huzama, asubuhi yakaweza kutumiwa tena, na tope lililobaki halimwagwi mfereji wa kuelekea kijitoni. Pipa, paa la kuvunia mvua na bomba moja la jumuiya vingefanya kazi kubwa kuliko mabango elfu ya kuhimiza usalama kazini. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 humwelekea zaidi mwajiri, lakini mwajiri wa mchongaji anayejiajiri ni nani? Mimi nasema ni yule anayepata faida kubwa katika mnyororo, yaani mnunuzi anayejaza kontena, na mkataba wake ndio unaopaswa kubeba gharama ya maji.

Machimbo yenyewe yako kwenye ardhi za watu binafsi, na mengi yameachwa wazi. Mvua ikinyesha, kuta hulegea na kuporomoka. Shimo lililotelekezwa huwa dimbwi. Sheria ya Madini ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1940, iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwapa njia ya kupata kibali, na kibali huja na wajibu wa kurudisha ardhi katika hali ya kufaa. Udongo wa juu ukitengwa kando siku ya kwanza badala ya kuchanganywa na vifusi, shimo lililokwisha jiwe hufukiwa kwa vifusi, udongo hutandazwa juu, na shamba hurudi kupandwa migomba. Usipotengwa siku ya kwanza, miaka kumi baadaye hakuna wa kuutafuta.

Tangu mwaka 2013 kaunti ndizo zilizokabidhiwa na Katiba uhifadhi wa udongo na maji na udhibiti wa uchafuzi wa hewa. Kisii inaweza kujenga mabomba Tabaka, na Nyamira inaweza kununua mianzi kutoka kingo za vijito. Lakini Gucha hupita katika kaunti tatu, na mkazi wa Nyatike hana kura Nyamira. Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na ile ya mwaka 2016 iliyoifuata, ziliweka vyama vya watumiaji wa maji ambamo watu wa juu na wa chini ya mto mmoja wanaweza kuketi pamoja. Vyama hivyo mara nyingi huundwa kipande kwa kipande, kila kijito na chama chake. Kinachodaiwa sasa ni mkutano mmoja wa mto wote, wenye viti vya kiwanda cha chai, mfyatuaji wa matofali, mchongaji wa Tabaka na mkulima wa Kuja ya chini, na bajeti ya kaunti tatu mezani.